Ghala Namba Saba

Kitabu cha kwanza nilikiazima kwa makosa.
Jalada lilikuwa na picha ya daraja; nilidhani ni riwaya.
Kumbe ni mtu anauliza, kurasa mia tatu na ushee,
kama aliyenyamaza naye ametenda.

Sikukirudisha kwa wakati.
Nilikuwa na miaka hamsini na mitatu, mlinzi wa usiku
katika ghala la samaki waliogandishwa, bandari ya Gdynia,
na shule niliiacha mwaka ule baba alipoanguka kutoka kwenye kreni.
Mwalimu sina. Nina penseli,
na hita yenye waya mmoja mzima,
na usiku, ambao hapa mwezi wa Desemba
huingia saa tisa na nusu alasiri
kabla hujamaliza supu.

Wanaoandika vitabu hivi wana tabia moja:
watu wao hawana majina.
Mchukue A, wanasema, aliyemwahidi B.
Mchukue, kama unavyochukua sahani.
Mimi siwezi kumfikiria mtu asiye na viatu,
kwa hiyo pembeni, kwa penseli, A nikamwita Kazimiera,
B nikamwita Ludwik, nikampa na kikohozi.
Papo hapo hoja ikawa nzito kubeba.
Haki ya B ilikuwa aya mbili.
Haki ya Ludwik ilinichukua hadi Pasaka.

Kuna sentensi nimezisoma mara kumi na moja.
Nahesabu, nachora vijistari.
Mara ya kumi na moja hufunguka, au mimi ndiye nifungukaye,
au wale makreli, tani mia nne nyuma ya ukuta,
wamechoka kunisikia nikisoma kwa sauti.
Neno gumu naliandika nyuma ya risiti,
nalitia mfukoni, napanda nalo basi,
linakaa na funguo hadi lizoee.

Basi usiku mmoja wa Februari, mlango wa tatu,
kijana na katoni begani.
Gniewko, mtoto wa Wioletta wa ghorofa ya pili,
aliyenimwagia chumvi ngazini msimu nilipovunjika goti,
bila kuombwa.
Alinitazama. Kidole changu kilikuwa ukurasa wa 188,
mahali mwandishi anaposema rehema si kufumba macho.
Sikuinuka.
Akapita. Theluji ikafunika nyayo, hodari kama mshirika.

Daftari la zamu lina safu ya matukio.
Nikaandika: Saa tisa na dakika kumi. Hakuna.

Miaka sita ya kusoma, na neno lililonishinda
ni hilo langu mwenyewe.
Nikalipekua kama walivyonizoeza wale nisiowajua:
ni uongo, sawa, lakini kwa nani?
Kampuni haina uso.
Mirosław wa zamu ya asubuhi anao,
na katoni ikipotea, ni yeye akatwaye zloti.
A. B. Na huyu C, ambaye kitabu kizima hakikumpa hata kiti.
Nikamwandika pembeni. Nikampa jino linalouma.

Kulipokucha niliacha bahasha yenye bei ya katoni
na karatasi: *Niliiangusha, ikapasuka, kosa langu.*
Huo ni uongo wa pili, wenye gharama.
Sijui kama uongo ukilipiwa hupungua.
Nimetafuta. Yupo mmoja anayekaribia kulisema,
kisha sura inaisha.

Jumapili nilipanda ghorofa ya pili, nikabisha.
"Unadaiwa," nikamwambia.
Akauliza, na nani.
Nilikuwa na majibu matatu, yote yana pingamizi.
Nikamwambia aje Alhamisi kibandani, tutafute.

Alikuja. Hakuwa na daftari wala kalamu.
Alileta samaki wa kukaanga, amefunikwa kwa sahani,
bado anatoa mvuke.
Nikamuuliza ametoka wapi.
Akacheka, akatazama chini, akavua kofia.
Kitabu kilikuwa wazi mezani.
Harufu ikajaa kibanda kizima,
nami sikuwa nimekula tangu asubuhi.